Mwaka Ambao Abuk Alitafuna Barafu

Hoteli tuliyokutania ni mpya na haijui lolote kutuhusu. Ina viti vya kitambaa, feni zinazozunguka bila kelele, na mhudumu msichana mwenye tai ambaye, kabla hatujaagiza kitu, alituwekea katikati ya meza ndoo ndogo ya bati iliyojaa vipande vya barafu. Kwake huo ndio ustaarabu: mgeni wa Lodwar aone barafu kwanza, mengine yafuate. Abuk aliitazama ndoo ile. Nami nikaitazama. Kisha tukatazamana, akasema kwa Kiswahili chake ambacho miaka ya Juba haijakinyoosha, "Akiru, hii ndoo inatujua."

Hatukuwa tumeonana tangu binti yake aanze kuota meno. Kwa miaka mingi nilipata habari za Abuk kwa vipande: salamu kupitia dereva wa lori, jina lake likitajwa na mtu aliyedhani amemwona mahali, halafu kimya kirefu cha vita vya kwao, kimya nilichokizoea bila kukikubali. Sasa alikuwa mbele yangu, amenenepa, amevaa miwani ya kusomea, analalamika kwamba kiti kinamchoma mgongo. Alikuwa ametoka Juba kuja kumngojea mjukuu wake wa kwanza. Binti yake, Nyandeng, ni mwalimu Kakuma, na mimba yake ilikuwa imebakiza majuma machache. Siku hiyo alikuwa amekuja Lodwar kliniki, na angetukuta hapo akimaliza. "Anapimwa nini?" nilimwuliza Abuk. "Kila kitu." "Na damu?" "Nimesema kila kitu, Akiru. Majibu kesho." Kisha, kana kwamba anaondoa nzi, akaisukuma ndoo ya barafu taratibu hadi ikawa mbele ya kiti cha tatu, kile kilichokuwa kitupu, ambacho Nyandeng angekikalia. Sikumwuliza kwa nini. Nilielewa, na moyo wangu ukarudi nyuma hadi mwaka ule, kwenye duka la mabati, kwenye sauti ya barafu ikivunjwa kwa meno.

Sitaeleza nilivyofika mikononi mwa Shangazi Akai. Kila ukoo una simulizi za namna hiyo, na aghalabu huwa ndefu kuliko manufaa yake. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili na nangoja kuitwa chuoni nikasomee ualimu, kama wasichana wengi waliopata alama za kutosha na ambao hakuna aliyewauliza wanapenda nini. Shangazi alikuwa na hoteli ya chakula hapa Lodwar na duka la soda Kakuma, upande wa mji, karibu na laga ya Tarach, mto wa msimu wa mvua, mahali ambapo watu wa kambi ya wakimbizi na watu wa mji walipishana kutwa nzima. Aliniweka huko Kakuma. Duka lilikuwa chumba kimoja, na joto lake lilikuwa na uzito, ungeweza kuliegemea. Ukutani palikuwa na msalaba wa mti na kalenda ya mwaka uliopita. Wateja walikalia kreti zilizopinduliwa. Pembeni ilinguruma friza nyeupe iliyoliwa na kutu miguuni, ikipata uhai wake kutoka kwa jenereta ya jirani, na kila jenereta ilipokohoa sote tulinyamaza kwanza, kama watu wanaosikiliza pumzi za mgonjwa. Soda zilitoka Kitale kwa lori, zikapumzika Lodwar, zikafika kwetu zimevaa vumbi kiasi kwamba rangi zake zilijulikana tu baada ya kufutwa.

Shangazi alinifundisha kuandaa soda kama padri anavyomfundisha mtumishi wa altare. Kwanza umwulize mgeni ladha anayotaka, usimkisie. Pili, moto au baridi. Na moto si iliyopashwa, ni iliyotoka kwenye kreti ilivyo, ingawa Kakuma ikifika saa nane mchana tofauti ya kuitoa kwenye kreti na kuipasha ni ndogo. Umletee chupa ikiwa imefungwa, uifute shingo kwa kitambaa safi, uifungue mbele ya macho yake, na kizibo ukiache mezani kando ya chupa mpaka amalize. Jambo hilo la kizibo halikuwa la mzaha. "Chupa iliyofunguliwa nyuma ya pazia," Shangazi alikuwa akisema, "si kinywaji. Ni swali." Watu walijua visa vya waliolishwa sumu na mahasimu wao, vya kweli na vya kutungwa, na hakuna mtu mzima wa huku aliyekubali kunywa kitu kilichofunguliwa asipoona. Hata askofu angeletewa chupa wazi angeisifu, asiiguse.

Ladha nazo zilikuwa na watu wake. Soda nyeusi ilikuwa ya maafisa na madereva. Ya machungwa ilikuwa ya watoto na maharusi. Ya tangawizi ilipendwa na wafugaji kwa sababu ilikwaruza koo, wakasema inawakumbusha tumbaku. Na ile ya zabibu nyeusi, ambayo jina lake lilisema nyeusi lakini ukiiinua juani ilikuwa nyekundu kama damu iliyoanza kuganda, ilikuwa ya wagonjwa. Mama aliyejifungua aliletewa hiyo. Aliyetoka kuugua malaria aliletewa hiyo, ikichanganywa na maziwa ikiwezekana. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba inaongeza damu. Tulilijua tu, kama tunavyojua kwamba mvua hutoka mawinguni. Nyekundu huzaa nyekundu.

Kando ya mlango wetu, chini ya turubai, aliketi Mama Abuk na jagi lake la karkade. Alikuwa mwanamke wa Kidinka, mrefu hata akiwa ameketi, na ushindani kati yake na Shangazi ulikuwa ndio burudani ya mtaa. Karkade yake aliiandaa alfajiri: maua makavu ya rangi ya divai aliyapata kwa wafanyabiashara wa kwao, akayaloweka hadi maji yakajisahau kuwa maji, akaongeza sukari na kipande cha tangawizi kilichopondwa, akachuja kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuwa cheupe tena. Naye alikuwa na sheria yake. Kabla ya kukumiminia alijimiminia yeye tone katika kikombe chake, akanywa mbele yako, akangoja kidogo, ndipo akakuinulia jagi. Wa kwao walifungua kwa kuonja, sisi tulifungua kwa kizibo. Ilinichukua muda kutambua kwamba sote tulikuwa tukisema neno moja.

"Akai, hiyo soda yako ni maji ya rangi," angeanza Mama Abuk, bila kuinua macho.

"Na yako je?"

"Yangu ni maua."

"Maua ni ya nyuki, Mama. Watu tunakunywa soda."

"Nyuki hajawahi kung'oka meno."

Hata hivyo hawakuweza kuishi mbali. Mama Abuk alihitaji barafu yetu, na Shangazi, akija kutoka Lodwar, alihitaji mtu wa kugombana naye. Aliyetumwa kuchukua barafu ni Abuk. Tulikuwa karibu rika moja, ila yeye alikuwa na mimba ya kwanza na mume aliyekwenda upande wa Kapoeta, kwao Sudan, kumtafuta mama yake, asilete habari. Alikuja na sufuria, nikamjazia, naye badala ya kuipeleka kwa mama yake aliketi kwenye kreti akaanza kutafuna. Mwanzoni nilidhani ni joto. Kisha nikaona kwamba soda hakuitaka, hata nilipompa bure. Alitaka barafu tu. Aliitafuna kama wengine wanavyotafuna mahindi ya kuchoma, kwa bidii, macho yamefumba. Aliikwangua hata ile ya kwenye kuta za friza kwa kijiko. Mama yake akiita, "Abuk, barafu iko wapi?" yeye alijibu kwa mdomo uliojaa, "Imeyeyuka, yuma." Tulicheka. Nilimwambia mtoto wake atazaliwa akitetemeka kwa baridi, awe wa kwanza Turkana kuomba blanketi mchana.

Majuma yalivyoendelea alipunguza kucheka. Alikuwa akifika dukani anahema, ilhali turubai la mama yake liko hatua chache tu. Siku moja Mama Abuk alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakikazia macho. Mkono ulikuwa mweusi wa kupendeza nyuma, lakini kiganja kilikuwa na rangi ya majivu. "Damu imekwisha," alisema. Hakusema kwa hofu. Alisema kama fundi aliyegundua ubovu wa chombo, kwa sababu dawa alikuwa nayo kwenye jagi. Kuanzia siku hiyo Abuk alikunywa karkade asubuhi, mchana na jioni, nzito, bila barafu ya mteja wala nini. Shangazi aliposikia hakukubali kushindwa. "Maua yatafanya nini? Mtoto apewe zabibu nyeusi na maziwa." Akaamuru nifungue chupa moja kila siku, kwa gharama ya duka. Nikaifungua mbele yake kwa heshima zote, nikaweka kizibo kando. Wanawake waliopita walitoa maoni: mwingine alisema achanganye zote mbili, mwingine akasema karkade ya Kinubi ni bora kuliko ya Kidinka. Abuk alikunywa kila alichopewa, kwa adabu, akilipa fadhila kwa kuendelea kuishi. Kisha aligeukia friza akaomba barafu.

Asubuhi moja aliinuka kwenye kreti, akasema "Akiru," kwa sauti ya mtu anayetaka kuuliza jambo dogo, akaanguka. Kijiko kiligonga sakafu kabla yake. Nakumbuka kwamba Mama Abuk hakupiga yowe. Alimwaga jagi lote la karkade mchangani, sijui kwa nini, akaja akampakata. Zahanati ya karibu ilimtazama na kumpakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Lodwar. Mimi nilikwenda nao kwa sababu nilijua mji na Mama Abuk hakujua, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunikataza. Njia nzima Abuk alilala kichwa kikiwa mapajani mwangu, na midomo yake ilikuwa na rangi ya chaki.

Hospitalini alitupokea muuguzi mkubwa, Sista Apua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimfunua Abuk kope, akambonyeza kucha, akamtazama ulimi. Kisha akatugeukia. "Amekuwa akila udongo?"

"Hapana," alisema Mama Abuk.

"Mkaa? Majivu?"

"Hapana, Sista."

"Barafu?"

Nilimtazama Mama Abuk, naye akanitazama. Hatimaye nilisema ndiyo, kila siku. Sista Apua alitikisa kichwa polepole. "Mwili ukikosa damu huwa na wazimu wa namna hiyo. Wengine udongo, wengine barafu. Mmempa nini?" Mama Abuk akamweleza kuhusu karkade, nami kuhusu zabibu nyeusi na maziwa. Nilitarajia atukemee. Badala yake alitabasamu kwa uchovu. "Hata mimi nilipojifungua, mama alinijia na kreti nzima. Ni sukari na rangi, mama. Haidhuru, lakini haijazi kisima. Huyu anataka damu ya mtu, leo au kesho. Asipopata, sitakuahidi yeye wala mtoto."

Akiba ya hospitali ilikuwa imetumika kwa majeruhi wa ajali ya lori. Ilibidi watafutwe watu. Mama Abuk alikunja mkono wa gauni kabla hajaombwa, lakini mwili wake ulikuwa na homa, wakamkataa. Mimi nilipanda kwenye mizani, na Sista Apua akaitazama sindano ya mizani, akaniambia nishuke. "Wewe mwenyewe ni wa kuchangiwa." Ndugu zao wa kambini walikuwa mbali, na gari la kuwaleta halikujulikana lingepatikana lini. Nikaenda kwa Shangazi.

Hoteli yake saa ya chakula cha mchana ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao zilizofunikwa plastiki ya maua, harufu ya mbuzi wa kuchemsha, na mazungumzo yaliyopandiana kama miguu ya watu sokoni. Shangazi aligonga sinia kwa mwiko, akawaeleza shida kwa maneno machache. Nilisimama mlangoni nikasikiliza jinsi chumba kilivyopokea.

"Hiyo damu yao inarudi ama inaisha kabisa?" aliuliza mwuza mkaa.

"Inauzwa Nairobi," alisema mwingine akivunja mfupa. "Wewe unafikiri wanaweka wapi?"

"Mimi ningetoa, lakini nina presha," alisema karani mmoja mwenye kitambi, na wenzake wakamcheka, maana presha yake huja kukiwa na kazi.

"Na ni ya nani hasa? Mtu wa kambi?"

"Binti wa Mama Abuk, wa karkade," alisema Shangazi.

"Basi watu wa kambi watoe. Wao si wengi?"

Kwenye meza ya pembeni waliketi wafugaji watatu walioleta mbuzi kutoka upande wa Kerio. Mkubwa wao aliitwa Mzee Ebei, ingawa mvi zake zilikuwa chache na mabega yake ya mtu anayeweza kumbeba ndama. Alikuwa akinywa soda ya tangawizi, moto, kama kawaida yake. Alingoja kelele zipungue.

"Wanatoa kwa shingo?" aliuliza.

Watu walicheka. Shangazi hakucheka. "Kwa mkono, Mzee."

"Mkono ni polepole." Alikunywa kidogo. "Na mkuki wake ni mdogo?"

"Ni sindano."

"Sisi tunafunga ng'ombe kamba kwa shingo, tunapiga mshale, tunakinga damu, tunafungua kamba. Ng'ombe anaenda kunywa maji, anakula nyasi. Kesho anapiga wenzake pembe. Sijaona ng'ombe amekufa kwa hiyo. Nyinyi mmeona?"

Hakuna aliyeona.

"Lakini Mzee," alisema mwuza mkaa, "ni mtu wa Sudan. Utampa damu yako mtu humjui?"

Mzee Ebei alimtazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia jikoni. "Ng'ombe wangu hajawahi kuniuliza nani atakunywa." Akasimama, akachukua kigoda chake, na wenzake wawili wakasimama pia, si kwa sababu wameshawishika bali kwa sababu yeye amesimama. "Akai. Ng'ombe akitoka damu anapelekwa maji. Mimi nipelekwe soda."

"Utapata kreti," alisema Shangazi.

Niliwaongoza hospitalini nikihisi kwamba nina shehena ya dhahabu ambayo ingeweza kubadili nia njiani. Walipimwa, na kwa rehema za Mungu wote watatu walikuwa wa aina inayofaa. Ndipo mambo yakakaribia kuharibika kwa jambo dogo kabisa. Mwanafunzi wa uuguzi, msichana mwema kutoka mbali, alikuwa ameandaa soda za wachangiaji mapema ili asiwacheleweshe. Alizifungua zote chumba cha nyuma, akaweka mrija katika kila moja, akaja na sinia akitabasamu, chupa zikiwa wazi, vizibo havionekani popote. Mzee Ebei alikuwa tayari ameketi, mkono umefungwa mpira. Aliitazama sinia. Kisha akaufungua mpira mwenyewe, akaurudisha mezani kwa uangalifu, akatoka nje. Wenzake walikwisha kuwa mlangoni, shuka zao zimevutwa mabegani.

Mwanafunzi alibaki na sinia mikononi. "Nimefanya nini?" aliniuliza, na niliona machozi yakimlengalenga. Hapakuwa na wakati wa kumweleza. Nilimfuata Mzee Ebei nje. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa jambo na kulielewa. Nilimwambia kwamba yule si wa huku, hajui. "Najua hajui," alisema. "Lakini mimi nimeona."

Hapo nilifanya jambo la kwanza la maisha yangu ambalo sikuagizwa na mtu. Nilimsihi angoje, nikakimbia hadi hotelini, nikajitwika kreti ya tangawizi kichwani, na kitambaa na kifungulio mkononi. Shangazi alinifuata nyuma akiwa na viatu vya jikoni. Niliporudi, Mama Abuk alikuwa ametoka wodini. Hakuwa ameelewa maneno yetu ya Kiturkana, ila alikuwa ameiona sinia ile na shuka zikiondoka, na hilo lilimtosha. Alichukua chupa moja kutoka kwenye sinia ya mwanafunzi, akasimama mbele ya wanaume wale, akanywa. Akangoja, kama alivyokuwa akingoja chini ya turubai lake. Akaonja ya pili. Akaonja ya tatu. Kisha akafunua mikono yake miwili, mitupu. Nami nikaweka kreti chini, nikatoa chupa iliyofungwa, nikaifuta shingo, nikaiinua machoni pa Mzee Ebei, nikaifungua. Gesi ikatoa pumzi. Nikamkabidhi kizibo mkononi.

Alikizungusha kizibo kidoleni. Akamgeukia Mama Abuk. "Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Ejok," alimsalimu.

"Ejok," alijibu Mama Abuk; ndilo neno pekee la Kiturkana alilolijua vizuri.

"Chupa ibaki hapo, wazi, niione nikiwa ndani," alisema Mzee Ebei, akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha mkono. Kizibo alikitia katika mkunjo wa shuka. Wenzake walifuata. Damu ilipoanza kuteremka kwenye mfuko, mmoja wao alisema kwa mshangao kwamba ni nyeusi kuliko ya fahali wake, na Mzee Ebei akamjibu kwamba ni kwa sababu yeye hula vizuri kuliko fahali wake. Shangazi Akai, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alisimama mlangoni akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, akilia bila kujificha.

Sitasahau asubuhi kadhaa baadaye. Nilimletea Abuk kikombe cha barafu kutoka hotelini, kwa mazoea na kwa mapenzi, maana nilidhani hicho ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote duniani. Alikuwa ameketi, viganja vyake vimeanza kupata rangi ya udongo uliolowa. Alikitazama kikombe kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine. "Hii ya nini? Itaniuma meno." Akaomba chai. Mama Abuk alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda; alifumbua jicho moja, akamtazama binti yake, akalifumba tena. Sijawahi kusikia usingizi wenye shukrani kama ule uliofuata. Nilitoka nje nikaimwaga ile barafu kwenye mchanga, na kabla haijayeyuka ilikuwa imekwisha kukauka. Hivyo ndivyo Lodwar ilivyo.

Nyandeng alizaliwa salama. Mzee Ebei, kila alipoleta mbuzi, alipita kwa Shangazi akauliza, "Yule mtoto wangu wa Sudan, anapiga wenzake pembe?" na akiambiwa ndiyo, aliagiza tangawizi, moto. Alifariki kwao Kerio akiwa mzee wa kweli. Mama Abuk naye amelala kwao, alikorudi, kama alivyotaka. Mimi niliitwa chuoni mwishoni mwa mwaka ule, nikaomba kubadilishiwa ualimu nikasomee lishe. Nilipoulizwa sababu niliona aibu kusema barafu. Huko ndiko nilikosoma kwamba soda nyeusi ilizaliwa ng'ambo katika duka la dawa, ikiuzwa kwa glasi kuwaponya watu vichwa na uchovu, na kwamba ile ya tangawizi ilianza majumbani kama kinywaji cha kutuliza tumbo. Wenzangu darasani walicheka. Mimi sikucheka. Hao nao walitazama rangi, wakatumaini. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo sijawahi kumnyang'anya mgonjwa soda yake nyekundu; humwambia tu anywe, kisha ale na vidonge na mboga na ini, na humwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama siku hizi anapenda barafu.

Haya yote yalipita kichwani mwangu Abuk akiendelea kulalamikia kiti. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Nyandeng, mrefu kama bibi yake, tumbo likitangulia, jasho juu ya mdomo. Alitusalimu kwa heshima, akaniita mama mdogo, akajitupa kwenye kiti cha tatu. Ndoo ilikuwa mbele yake. Vipande vya juu vilikuwa vimeanza kung'aa kwa kuyeyuka. Nje jua lilikuwa linapiga barabara kwa nyundo, na mtu yeyote mwenye akili timamu angetia mkono humo. Abuk aliacha kuzungumza katikati ya sentensi. Mimi nilijishughulisha na kamba ya mkoba wangu.

Mhudumu akaja. "Karibu, madam. Nikupatie soda gani? Nyeusi, machungwa, zabibu?"

"Tangawizi ipo?"

"Ipo. Moto ama baridi?"

Nyandeng alijifuta paji la uso kwa kiganja, na kiganja kile niliona kilikuwa chekundu, chekundu cha mtu aliyeshiba. Aliitazama ndoo, akakunja uso kidogo. "Moto," alisema. "Na hii barafu iondoe, tafadhali. Inanitia baridi kuitazama tu."

Mhudumu aliichukua ndoo akaenda nayo. Abuk aliinamia meza, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya leso, akaifuta na kuifuta. Chini ya meza mguu wake uliutafuta wangu, ukaukanyaga kwa nguvu. "Nyinyi wawili mna nini?" aliuliza Nyandeng. Mama yake alisema hakuna kitu, ni vumbi. Soda ililetwa ikiwa imefungwa, ikafutwa shingo, ikafunguliwa mbele ya macho yetu, na kizibo kikawekwa mezani. Nilikichukua, nikakitia mkobani.